Wanakondoo wanono kwa maziwa, tumboni hamna kitu: uzi wa kuwaanzishia chakula mapema

Zizi la Chini

Kwema wakuu. Huu uzi nimeusogezasogeza karibu miezi miwili kwa sababu kuna aibu ndani yake, ila juzi jirani kaniuliza swali lile lile nililokua najiuliza mimi, nikaona bora niandike mara moja watu wasome.

Nafuga kondoo Arumeru upande wa chini, kule kwenye vumbi, sio kule kwenye migomba. Nina majike 38, chotara wa Dorper na wale wekundu wa Kimasai. Nilisikia Dorper unaweza kumwachisha mtoto ziwa siku ya 45 halafu mama anarudi kwa dume, na kwa vile mimba ya kondoo ni miezi mitano, ukipanga vizuri jike anazaa mara tatu ndani ya miaka miwili. Nikakaa na daftari usiku nikapiga hesabu, hela ikaonekana kabisa. Mnaofuga mnazijua hizi hesabu za usiku.

Wanakondoo 11 wa mkupuo ule walikua wazuri balaa. Mgongo mpana, wanaruka ruka, napiga picha natuma kwenye grupu watu wanasema mkuu unatuua. Siku ya 45 nikawatenga. Nikawawekea hei (majani makavu) na majani ya kukata, na pumba kidogo kwenye beseni, nikasema njaa itawafundisha. Siku tatu kelele usiku kucha, wife akahamia chumba cha nyuma. Baada ya hapo wakanyamaza nikajua wamezoea, kumbe wamechoka. Wiki ya pili matumbo yamevimba kama ngoma lakini ukipitisha mkono mgongoni unahesabu mifupa kama shanga, manyoya yamesimama, mavi laini yamegandia mkiani. Siku ya 12 kafa wa kwanza. Mpaka mwezi unaisha wameenda wanne.

Wa tatu nikaamua kumpasua, maana wa kwanza nilimlaumu mvua na wa pili nililaumu minyoo. Nikamuita jirani yangu anaeuza supu, yupo humu humu atajitaja mwenyewe. Alivyofungua tu akasema "hili taulo mbona halijaota?" Nikamwambia taulo gani. Akaenda bandani kwake akarudi na kipande cha utumbo wa kondoo mkubwa, akaviweka sambamba juu ya kiroba. La mkubwa ni jeusi jeusi, limejaa vile vinyweleo vinene kama taulo jipya la dukani. La mwanakondoo wangu lilikua jeupe, jembamba, ukilipitisha kidole linateleza kama mfuko wa nailoni. Ndani kulikua na majani marefu yamekaa vile vile yalivyoliwa, hayajaoza wala hayajasagika, na kadonge ka manyoya kaliko lowa. Yani alikua anakula na anakufa njaa kwa pamoja.

Hapo ndo nilianza kuuliza watu wanaojua. Naendelea chini, simu ina asilimia 6.

Ngoja Waje

Nimeweka kambi hapa. Nina vikondoo 5 vina wiki tatu, roho imeshuka.

Taulo na Limao

Jirani ni mimi. Nathibitisha, na kiroba kilikua changu.

Niongezee kidogo kwa jicho la bucha. Sisi tunajua tumbo la kondoo lina sehemu nne kwa sababu wateja wanachagua. Kuna taulo, lile kubwa. Kuna dogo lililoungana nalo lina michoro kama sega la nyuki. Kuna kitabu, kina kurasa kurasa, kuosha kwake ni kazi. Na kuna la mwisho laini lenye mikunjo. Kwa kondoo mkubwa taulo ndo limejaza nusu ya kiwiliwili, mengine yote unayashika mkono mmoja. Sasa mara moja moja inakuja ajali, mwanakondoo wa siku mbili tatu kakanyagwa, ukimfungua unakuta kichekesho, lile la mwisho ndo kubwa kuliko yote na taulo limejikunja pembeni kama soksi. Miaka yote nilikua naona hivo, sikuwahi kujiuliza linakuaje mpaka siku ile kwenye kiroba.

Dokta Ng'ambo ya Mto

Mkuu Taulo umefundisha vizuri kuliko mwalimu wangu wa chuo, ngoja nieleze linakuaje.

Mwanakondoo anazaliwa akiwa na tumbo nne kwa jina tu. Kwa kazi ana moja, lile la mwisho, sawa na tumbo la mbwa au la mtu. Akinyonya, kuna mfereji kwenye ukuta wa matumbo ya mbele unajikunja unakua kama bomba, maziwa yanapita pembeni ya taulo (sisi tunaita rumeni) yanaenda moja kwa moja kwenye tumbo la mwisho, yanaganda kama jibini na kumeng'enywa. Maana yake hata anyonye lita ngapi, rumeni haipati kitu, na kiungo kisichopata kazi hakikui. Ndo maana wanakondoo wa mkuu Zizi walikua wanono na matumbo matupu. Unono ule ulikua wa mama.

Rumeni inakuzwa na chakula kigumu na maji, vitu ambavyo havipiti kwenye ule mfereji, vinadondokea ndani. Bakteria anawapata mwenyewe bila kununuliwa, kwa kulambwa na mama, kwa kuchokonoa majani mama aliyoyatafuna, hata kwa kulamba mavi na udongo. Wale bakteria wanachachusha chakula na kutoa asidi za aina tatu kubwa. Moja inaitwa butireti, inatoka kwa wingi nafaka inapochachuka, na hiyo ndo inaziamsha zile nywele za taulo ziote. Bila nywele chakula kikichachuka hakuna pa kufyonzewa. Majani makavu yenyewe yanafanya kazi nyingine, yanavuta tumbo litanuke na kujenga misuli ya kulisukasuka. Kwa hiyo anayetoa nyasi tupu anapata mfuko mkubwa usio na nywele, na anayetoa pumba tupu anapata nywele zilizogandana kwenye mfuko dhaifu. Vyote viwili viwepo.

Muda: atachokonoachokonoa kuanzia wiki ya kwanza au ya pili, ni kucheza tu. Karibu wiki ya tatu utaanza kumuona anacheua kidogo. Akipewa chakula mapema, akifika wiki ya nane hivi uwiano wa matumbo yake unakaribia wa mkubwa. Asipopewa, hata miezi mitatu utamkuta na soksi. Kinachoikuza rumeni ni kula. Siku zikipita bila kula zimepita bure.

Mzee wa Rungu

Nyie watoto wa siku hizi mna mambo. Tangu lini kondoo akafundishwa kula? Baba yangu alikua na kondoo zaidi ya mia mbili, hatukuwahi kununua kilo ya pumba. Biashara ya wenye maduka hii.

Zizi la Chini

Mzee wangu shikamoo. Nakubali, ila naomba nikuulize kitu. Kule kwenu wanakondoo wadogo walikua wanaenda machungani na mama zao?

Mzee wa Rungu

Marahaba. Wadogo hawaendi mbali, watakufa na jua au fisi awachukue. Wanabaki karibu na boma na watoto, kwenye alalili, majani yametunzwa pale kwa ajili ya ndama na wadogo na wagonjwa. Jioni mama wakirudi ndo wananyonya.

Zizi la Chini

Basi mzee umejibu mwenyewe. Walikua na majani laini yaliyotunzwa wanakula kutwa nzima tangu wana wiki mbili, na hakuna aliyewatenga na mama siku ya 45, walinyonya mpaka mama akawapiga teke mwenyewe. Kwa hiyo walifundishwa, ila shule ilikua haina bango. Mimi nilichofanya ni kuondoa alalili, kuondoa mama, nikabakisha beseni.

Mzee wa Rungu

Haya. Endelea.

Mtoto wa Ngitili

Huku kwetu Shinyanga ni hivo hivo, ngitili (malisho tunayoyatunza) inafungwa masika inafunguliwa kiangazi na ndama na wadogo ndo wanaanza.

Ila mimi nina kisa changu. Huku mashudu ya pamba ndo yamejaa na ndo ya bei chee, ng'ombe wetu wote tunawanenepeshea hayo. Nikasikia habari za kuanzisha wanakondoo mapema nikawawekea mashudu ya pamba na pumba ya mpunga, wakayapenda sana. Wiki kama nne baadae anaanguka mmoja, mzima kabisa, asubuhi kanyonya, mchana anahema kama katoka mbio, jioni hayupo. Halafu mwingine. Mama zao wanakula mashudu yale yale hawana hata chafya. Nikasema kuna mtu.

Dokta Ng'ambo ya Mto

Hakuna mtu mkuu, ni mashudu. Mbegu ya pamba ina sumu inaitwa gosipoli. Kondoo mkubwa mwenye rumeni kamili ile sumu inafungwa na kupunguzwa makali humo humo rumeni, ndo maana mama hawana shida kwa kiasi cha kawaida. Mwanakondoo hana rumeni bado, inapita yote mwilini, inajikusanya taratibu na kuharibu moyo. Ndo maana unaona anahema hovyo halafu anaanguka ghafla. Mashudu ya pamba yaache kabisa kwa wanaonyonya. Mpe ya alizeti au soya. Alizeti mzipati huko? Singida si karibu.

Na urea vile vile, wale wanaochanganya kwenye pumba za ng'ombe au mawe ya molasesi yenye urea, weka mbali na wanakondoo. Urea inahitaji bakteria wengi wa rumeni kuigeuza, asiye nao inamgeuka yeye.

Mtoto wa Ngitili

Dah. Kuna mama mmoja hapa mtaani nilimkunjia sura miezi sita. Ngoja nikamsalimie kesho.

Ngoja Waje

😂😂 mpelekee na sukari

Kajiado Kwetu

Niaje wadau, mimi niko upande wa pili wa mpaka, karibu na Namanga. Hii mambo ya kuangalia kalenda ilituchoma wengi. Ule ukame wa kuanzia 2020 mpaka 2023 hivi ulitufunza. Mama hana maziwa, mtoto anaanza kula kila kitu, karatasi, mchanga, manyoya ya mwenzake. Nilikua na nyasi ya Boma Rhodes marobota machache, nikaona badala ya kupea wakubwa yote niwatengee hawa wadogo ile sehemu ya majani laini, mashina wakubwa watafune. Plus majani ya viazi vitamu kutoka kwa shamba ya shemeji, nayaanika kidogo yanyauke ndio wasiendeshe. Wale wa mwaka huo waliishi wengi kuliko wa mwaka wa mvua, unaeza amini? Mwaka wa mvua walinyonya tu wakashiba hawakugusa kitu.

Swali yangu ni hii, nafanya aje mama wasiingie kwa chakula cha watoto? Nikiweka tu chakula wakubwa wanamaliza dakika mbili.

Zizi la Chini

Simu imejaa sasa. Mkuu Kajiado hapo ndo patamu, ngoja niseme nilivyofanya mkupuo wa pili.

Kwenye kona ya banda nimeziba eneo dogo, kama mita mbili kwa tatu, kwa mirunda iliyosimama. Nafasi kati ya mti na mti ni inchi 7 mpaka 8. Mwanakondoo anapita, mama anaingiza kichwa anakwama anatoa matusi. Kona nimechagua ile wanayopenda kulala, penye jua la asubuhi na pakavu. Kwanza niliweka mbali karibu na mlango nikidhani ni usafi, hawakwenda hata mmoja. Mwanakondoo hatembei kwenda kutafuta chakula asichokijua, mweke anapopita.

Nimeanza wana siku kumi. Hori lenyewe ni bomba la PVC nililopasua katikati, nimeliinua usawa wa kifua na juu nimeweka ubao mwembamba, la sivyo wanaingia miguu minne wanakojoa humo. Siku za kwanza nilikua naweka konzi moja tu kwa wote 13. Konzi moja! Na jioni naitoa iliyobaki nawapa mama zao, asubuhi naweka mpya. Hii ndo siri kubwa kwangu, maana mwanakondoo anachagua kwa pua, chakula kililala kimeshika harufu ya mate na mkojo hakigusi. Wiki nzima ilikua kama najitania, wanalamba wanapiga chafya wanaondoka. Nikamshika mmoja mchangamfu nikampaka molasesi na chenga mdomoni, kesho yake yule akawa mwalimu, wenzake wakaja kuona anatafuna nini.

Mchanganyiko wangu wa kilo 10: chenga za mahindi 6, mashudu ya soya 2, polad (pumba ya ngano) kilo moja na nusu, molasesi nusu kilo, na konzi ndogo ya chokaa ya mifugo. Ukipiga hesabu inakuja protini kama asilimia 17. Mahindi ni ya kuvunja vipande vitatu vinne, sio unga. Unga wanapaliwa, na ukilowa unashika kwenye hori kama gundi.

Pembeni maji safi, beseni la chini, nabadilisha mara mbili kwa siku. Nilikua sijui kama anayenyonya anahitaji maji, nilidhani maziwa ni maji tayari. Na hei laini kwenye kiwavu kidogo, nayofunga juu kidogo ya vichwa vyao.

Dokta Ng'ambo ya Mto

Hiyo ya maji iandike kwa wino mwekundu. Maziwa yanapita kwenye mfereji, hayafiki rumeni. Bakteria wanaishi kwenye majimaji. Mwanakondoo asiyekunywa maji, chakula kinakaa kikavu kama kiporo kwenye jua, hakichachuki.

Na chokaa usiiruke. Polad, pumba zote zina fosforasi nyingi na kalsiamu ndogo. Madume wanaolishwa pumba bila chokaa wanapata mawe kwenye njia ya mkojo, unamuona anajikamua hakitoki kitu, anapiga tumbo teke. Kalsiamu iwe kama mara mbili ya fosforasi.

Binti Mkulima

Wakuu naomba msaada, mimi nina mifuko ya chakula cha vifaranga, starter, kuku walikufa na kideri kimebaki kingi. Protini si ipo juu? Naweza kuwapa wanakondoo kwa kuanzia?

Dokta Ng'ambo ya Mto

Pole kwa kuku. Hapana dada, usiwape. Kondoo anachukia madini ya shaba kuliko mnyama yeyote wa zizini. Mbuzi anavumilia, ng'ombe anavumilia, kuku na nguruwe ndo wanaongezewa kabisa. Kwa kondoo shaba inajikusanya kwenye ini kimya kimya wiki au miezi, siku moja inafunguka, macho yanakua ya njano, mkojo rangi ya kahawa au damu, ndani ya siku moja mbili kafa. Pia vyakula vya vifaranga vinakua na dawa za kuhara damu zilizopimiwa kuku. Uza kwa mfuga kuku mwingine ununue chenga.

Hata jiwe la kulamba angalieni. Kama limeandikwa la ng'ombe, kondoo asiligeuze chakula cha kila siku.

Binti Mkulima

Asante dokta, ningeua.

Mama Chupa

Habari zenu. Hamjagusa yatima. Mimi kila msimu nabaki na wawili watatu, mama kafa au kazaa mapacha watatu mmoja anasukumwa. Nimekosea sana miaka ya nyuma kwa hiyo sikilizeni.

Kosa la kwanza, kuchanganya maziwa ya ng'ombe na maji. Tulifundishwa maziwa ya ng'ombe ni mazito kwa mtoto wa kondoo. Ni kinyume. Maziwa ya kondoo ndo mazito, mafuta yake yanafika asilimia 7 hivi, ya ng'ombe kama 4. Ukiongeza maji unampa mtoto njaa kwenye chupa.

Kosa la pili ni uji. Bibi yangu aliwapa uji mwembamba wa mahindi, na mimi nikawapa. Wakaharisha uharo wa njano, mkia wote umeganda. Nikaja kuelezwa mwanakondoo wa wiki ya kwanza utumbo wake haujui kumeng'enya wanga, uji unapita kwenye chupa kama maziwa, unaruka rumeni, unaenda kuozea kwenye utumbo. Wanga huo huo akiutafuna mwenyewe kavu kwenye hori unaingia rumeni, hauna neno.

Na kumnyanyua kichwa juu kumnywesha kama mtoto wa mtu anapewa dawa, hiyo acheni. Awe amesimama, shingo imenyooka mbele kama ananyonya kwa mama, avute mwenyewe. Ukimmiminia, ule mfereji dokta aliousema haufungi vizuri, maziwa yanadondokea kwenye taulo yanachachia huko. Utamsikia anabubujika tumboni ukimtikisa. Kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku, usimpe kopo zima asubuhi kisa unawahi kazini, tumbo litajaa gesi.

Na kabla ya yote dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Asipopata dang'a masaa ya mwanzo hayo mengine yote mnayosema ni kupamba maiti. Mimi nagandisha dang'a la jike aliyezaa mmoja, kwenye friza, nayeyusha kwa maji ya vuguvugu, sio kuchemsha.

Dokta Ng'ambo ya Mto

Mama umemaliza. Kinga ya mama kwenye dang'a inapenya kwenye utumbo masaa ya mwanzo tu, ikifika masaa 24 mlango umefungwa. Kwa mwanakondoo wa kilo 4 lenga kama mililita 200 ndani ya masaa sita ya kwanza, na mpaka siku iishe awe amefikisha mililita 800 hivi.

Kajiado Kwetu

Na wale wanakufa wakiwa wanono? Mimi nikianza kupea nafaka, wiki ya tano sita, ule mkubwa kabisa ndio unakuta amelala asubuhi, kichwa nyuma, povu. Kila mara ni yule mnono. Mpaka mzee wangu akasema ni jicho la watu.

Dokta Ng'ambo ya Mto

Jicho haliko hapo. Kuna bakteria anaishi kwenye utumbo siku zote kwa amani, jina lake Clostridium perfringens. Mwanakondoo akila wanga mwingi ghafla unazidi uwezo wa rumeni, mwingine unashuka utumboni, yule bakteria anasherehekea, anatoa sumu. Anayekula zaidi ndo mnono, ndo anatangulia. Akipasuliwa mapema sana figo hazina shida, masaa machache baadae unakuta zimekua laini kama uji.

Dawa yake baada ya kuugua ni ya kubahatisha. Chanja mama mwezi wa mwisho wa mimba, kinga inashuka kwenye dang'a, halafu wanakondoo wenyewe wakikaribia kuachishwa. Na hori lisikae tupu masaa nane halafu ukajaza. Wenye njaa wanakula kama wanafukuzwa. Kiwepo kidogo muda wote au kwa saa zile zile kila siku.

Kuhara damu wiki ya nne mpaka ya nane ni habari nyingine, mara nyingi ni kokisidia, vimelea wadogo wa utumboni, inatokana na kona yenyewe kulowana na kubanana. Mkuu Zizi alisema pakavu, wengine mlipita tu hapo.

Zizi la Chini

Nililipata hilo pia, wawili, kwa sababu beseni la maji lilikua linavuja chini ya majani ya kulalia. Nikalihamishia nje ya mirunda juu ya kokoto, likaisha.

Sasa kuachisha. Mkupuo wa pili nilitupa daftari la siku. Nilikua napima ninachoweka asubuhi na kinachobaki jioni. Wiki ya nne wote 13 walikua wanamaliza kama kilo moja tu, ukigawa unaona kila mmoja gramu 80 hivi.  Wiki ya sita ikaja kilo mbili na nusu, hapa ndo ningewaachisha mwaka ule jamani. Wiki ya nane ndo ikagonga kilo tatu na robo, yani robo kilo kwa kichwa, nikasubiri ikae hapo siku tatu mfululizo. Kwa mlio na mmoja mmoja angalieni pia uzito, awe amefika mara tatu ya alivyozaliwa, na muangalie usiku na tochi kama anacheua amelala. Mimi nilikaa nje na kiti mpaka saa nne usiku nikawahesabu, taya zinazunguka, 11 kati ya 13. Wale wawili nikawarudisha kwa mama yao wiki mbili zaidi, walikua pacha, wembamba, kaka yao mkubwa wa zizi alikua anawasukuma hori.

Kutenga nako nimegeuza. Nimewaondoa mama, watoto wamebaki kwenye banda lao, hori lao, harufu yao. Kelele usiku mmoja na nusu. Wife hakuhama.

Ngoja Waje

Na kuhusu mama kurudi kwa dume, si ndo ulikua mpango? Wiki nane si umepoteza muda?

Zizi la Chini

Nimepoteza wiki moja na nusu hivi ukilinganisha na siku 45. Na maziwa ya mama baada ya wiki ya nne yanashuka yenyewe, kilele chake ni wiki ya tatu hadi ya nne, kwa hiyo mtoto akiwa na hori lake mama anapumzika hata kama hajatengwa. Majike 9 kati ya 12 wamepandwa mwezi uliofuata. Ila wanne waliokufa mwaka ule niliwauza shimoni, hizo wiki moja na nusu haziwezi kunilipia.

Mzee wa Rungu

Hao wawili wembamba waliishi?

Zizi la Chini

Wameishi mzee. Mmoja jike nimembakisha, mwingine dume ndo ana fujo kuliko wote zizini.

Mrejesho wa mkupuo wa tatu, wa juzi: wako 14, wiki ya tisa, wastani kilo 15 na kitu. Hajafa hata mmoja.

Ngoja Waje

Kilo 15 umepima na nini mkuu, maana mimi nakadiria kwa macho

Zizi la Chini

Mzani wa mkaa, ule wa ndoano. Unamuweka kwenye kiroba kichwa kikiwa nje unaning'iniza. Wa kwanza atakukojolea mguu, zoea.

Taulo na Limao

Jirani, safari hii hujaniita na kisu mpaka nimeanza kuona wivu. Lile dume lenye fujo naliona kwa juu ya ukuta kila asubuhi. Idi ya kuchinja nihifadhie.

Zizi la Chini

Idi litakua na miezi mitano na siku kadhaa, na wewe mwenyewe ndo uliniambia kondoo wa kuchinja afike sita. Subiri nyingine. Taulo lake litakua limeota vizuri.